Mzigo hewa stooni: niripoti wapi, na nikificha jina watanifikia?

Swali la msomaji: Nasimamia stoo ya ofisi ya umma. Mara tatu mwaka huu nimeletewa hati ya kupokelea mali niisaini wakati mzigo haujafika wote. Mara mbili za kwanza nilisaini, nikaambiwa uliobaki unakuja kesho. Haukuja. Mara ya tatu nilikataa, akasaini mwingine, na malipo yakafanyika. Nataka kuripoti. Nahitaji ushahidi kiasi gani, nipeleke wapi, na nikificha jina watanifikia?

Jibu: Ndugu, nianze na la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Hati unayoizungumzia imepita mikononi mwa watu wangapi? Aliyeagiza, aliyesaini, mhasibu aliyelipa, na wewe uliyekataa. Wanne tu. Ukituma barua isiyo na jina lakini ndani yake umeandika "mtunza stoo alikataa kusaini, akasaini mwingine", umeshajitaja. Wengi hubanana na swali la jina liandikwe au lisiandikwe, wakati kinachowafichua ni maelezo ya ndani. Kwa hiyo kila sentensi utakayoandika ipitishe kwenye maswali mawili: mpelelezi anaweza kuihakiki bila kunihitaji mimi? Na ni watu wangapi wengine wangeweza kulijua jambo hili?

Sasa ushahidi. Kuthibitisha kosa si kazi yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, kifungu cha 33, unazitaka nchi zifikirie kumlinda anayetoa taarifa kwa nia njema na kwa sababu za msingi, na sheria nyingi za nchi zimefuata kipimo kinachokaribiana na hicho. Ukiamini kwa sababu zinazoeleweka kwamba mali imelipiwa bila kufika, hata baadaye ikionekana kulikuwa na maelezo mengine, hujakosea. Anayekosea ni anayejua kwamba anasema uongo. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa kupambana na rushwa, wa mwaka huohuo, unazitaka nchi ziwalinde watoa taarifa na pia ziwaadhibu wanaosingizia watu wasio na hatia. Ndiyo maana nakushauri neno "mwizi" lisionekane kabisa kwenye taarifa yako, na hata "rushwa" unaweza kuliacha. Eleza kilichoandikwa, eleza kilichoonekana, kisha onyesha pengo.

Kesi ya mzigo hewa ina bahati moja: karatasi zake hazikai mahali pamoja. LPO (hati ya kuagizia mali), hati ya kupokelea mali na ankara ya mzabuni hulinganishwa kabla ya malipo, na hizo tatu wahusika wamekwishahakikisha zinakubaliana. Huko hutakuta kitu. Pengo liko kwenye karatasi ambazo hakuna aliyekumbuka kuzirekebisha: kitabu cha getini, leja ya stoo, hati ya mzabuni ya kuleta mzigo yenye namba ya gari, na hati za kutolea mali kwenda idarani.

Chukua mfano wa karatasi za A4. Rimu moja ya shiti 500 za gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5 hivi. Katoni ya rimu tano ni kilo 12.5. Hati ikisema zimepokelewa katoni 400, huo ni mzigo wa tani tano. Kama kitabu cha getini kinaonyesha siku hiyo iliingia pikapu moja ya tani moja, ikatoka baada ya dakika 35, hakuna haja ya shahidi wa kuapa. Pikapu hiyo inabeba katoni 80 kwa safari. Mpelelezi akishika hesabu hiyo ataifuata hadi kwenye usajili wa gari na kwa dereva, na hatakuwa na sababu ya kuuliza nani alimpa habari.

Taarifa inayofanya kazi huwa hivi:

"Hati ya kupokelea mali ya tarehe 14 Machi inaonyesha ofisi ilipokea katoni 400 za karatasi za A4. Siku hiyo lililoingia ni gari moja tu la mzabuni, pikapu, saa 4:10 asubuhi, likatoka saa 4:45. Mzigo wa katoni 400 una uzito wa tani tano hivi. Leja ya stoo siku hiyo iliingiza katoni 80. Ankara imelipwa yote. LPO, ankara na vocha ya malipo viko uhasibu. Kitabu cha getini kiko kwa walinzi, na kikijaa hubadilishwa. Naomba kichukuliwe kwanza. Naomba pia taarifa hii isipelekwe kwa ofisi inayotajwa ili itoe maelezo kabla hati hizo hazijachukuliwa."

Isome tena ukitafuta sentensi inayokutaja. Ni ile ya leja, kwa sababu anayejua leja iliingiza katoni 80 ni anayeiandika leja. Ibadilishe iwe: "Leja ya stoo ilinganishwe na hati hiyo." Mpelelezi atapata namba ileile, na wewe umebaki mmoja kati ya watu wote walioona gari likishusha: walinzi, vibarua, wahudumu, na waliokaa upande wa dirishani. Fanya hivyo kwa kila sentensi. Usibakize kitu kwa sababu tu kinapendeza.

Sentensi mbili za mwisho za mfano zinastahili maelezo. Ushahidi haudumu sawa. Vocha za malipo hutunzwa kwa miaka. Kitabu cha getini kikijaa hutupwa au huishia kwenye boksi lisilo na mwenyewe, na picha za kamera hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki kadhaa, kutegemea ukubwa wa hifadhi. Anayepokea taarifa yako hajui hilo usipomwambia. Na ombi la kutopeleka taarifa kwa ofisi husika linazuia kosa la kiutawala ambalo huweza kuua kesi: barua inapokelewa, inaambatishwa na dokezo la "kwa maelezo yako", na inamfikia yuleyule anayelalamikiwa. Akiisoma, wiki hiyohiyo leja mpya imeshaandikwa kwa mwandiko mzuri.

Upungufu mwingine unaofanya taarifa iwekwe kando ni wa kawaida zaidi. Haina tarehe. Inataja makosa kumi na tano, moja la mzigo na kumi na manne ya posho, upendeleo na lugha chafu ya bosi. Inasema "kila mtu anajua". Afisa anayechambua taarifa kila siku hujiuliza mambo machache tu: hili liko chini ya mamlaka yetu, linahakikika, na bado hati zipo? Malalamiko yako ya kupandishwa cheo yana haki yake, lakini yapelekwe kwenye barua nyingine, siku nyingine. Yakichanganywa na hili, yanampa mtuhumiwa utetezi wa bure kwamba unalipiza kisasi. Ukurasa mmoja unatosha, mmoja na nusu ukizidi sana.

Kuhusu kukusanya vielelezo: usichukue hati halisi. Ikitoka mahali pake inapoteza nguvu mahakamani na wewe unageuka mtu aliyeiba nyaraka za serikali. Usifungue kabati lisilo lako wala kutumia nywila ya mwenzako. Unachokiona kwa kazi yako halali kiandike kwenye daftari lililoshonwa, si karatasi za kuchomoka, kurasa zikiwa na namba: tarehe, saa, nani alileta hati, alisema nini kwa maneno yake. Andika siku hiyohiyo, usirudi nyuma kurekebisha, na daftari lisikae ofisini. Maelezo yaliyoandikwa tukio likiwa bichi huaminika kuliko kumbukumbu ya mwaka mzima baadaye.

Kompyuta ya ofisi, barua pepe ya ofisi, mashine ya kunakili na hata intaneti ya ofisi vyote viache. Vinaweka kumbukumbu ya nani alifanya nini saa ngapi. Mwaka 2017 nchini Marekani, mtu aliyevujisha waraka wa siri kwa chombo cha habari alifikiwa haraka, kwa kuwa kumbukumbu zilionyesha ni watu sita tu waliouchapa. Picha ya simu nayo hubeba ndani yake saa, aina ya simu na mara nyingi mahali ilipopigwa. Faili la maandishi hubeba jina la aliyeliandika. Ukilazimika kutuma picha, zima kwanza huduma ya mahali kwenye kamera, kisha ifute hiyo taarifa iliyojificha kabla ya kutuma. Angalia na kona za picha pia. Kidole chenye pete, meza yenye kitambaa kinachojulikana, au hati iliyopigwa kabla haijagongwa muhuri wa mwisho vinaeleza mengi. Hilo la muhuri husahaulika mno: nakala ya hati isiyo na saini ya mwisho inamtaja aliyekuwa nayo kabla ya saini hiyo.

Usimtege mtu. Kurekodi kwa siri kunaruhusiwa kwingine na ni kosa kwingine, na mtego wa rushwa huendeshwa na wachunguzi wenyewe, wakiwa na fedha zilizoorodheshwa namba. Anayeweka mtego mwenyewe kwa kupokea "kidogo ili nipate ushahidi" anakuwa amepokea, basi.

Sasa zile saini zako mbili. Hapa ndipo wengi hunyamaza, na ndipo watuhumiwa wanapotegemea: "nawe ulisaini". Kabla ya kuripoti, kaa na wakili saa moja au nenda ofisi ya msaada wa kisheria, uulize swali hili pekee: kwa sheria ya hapa, kusaini kupokea mali ambayo haikufika kunaniweka wapi? Kwa jumla kumtolea mwenzako taarifa hakufuti kosa lako. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 37, unazungumzia aliyeshiriki akatoa ushirikiano wa maana: nchi zifikirie kumpunguzia adhabu, na hata kutomshtaki. Nafuu hiyo huenda kwa anayewahi. Ukieleza mwenyewe, mapema, kwamba ulisaini mara mbili kwa ahadi kwamba uliobaki unakuja kesho, na daftari lako likaonyesha ulivyofuatilia, wewe ni shahidi mwenye doa. Wakiigundua saini yako kabla hujasema, umeingia kwenye orodha nyingine.

Hilo lina matokeo kwa suala la jina. Mwenye saini kwenye hati za kosa hawezi kubaki bila jina hadi mwisho, kwa sababu lazima ataitwa. Njia zipo tatu: kujitaja wazi, kumpa jina mpelelezi peke yake kwa sharti la siri, au kutojitaja kabisa. Kwa hali yako ningechagua ya pili, baada ya kuonana na wakili. Usipojitaja unakuwa huna pa kusimama siku wakikuhamisha au kukushtaki, kwani huwezi kudai ulilipiziwa kwa taarifa ambayo hakuna rekodi kwamba uliitoa wewe. Pia ujue kwamba siri ya jina ni imara wakati wa uchunguzi na hulegea mahakamani, hasa kesi ikisimama juu ya mdomo wako peke yako. Ndiyo sababu nyingine ya kuwaelekeza kwenye karatasi zinazojisemea.

Ukiamua kutojitaja, tafuta njia yenye mlango wa kurudi. Baadhi ya vyombo, mfano EACC, tume ya maadili na kupambana na rushwa ya Kenya, vina mfumo wa mtandaoni ambako unatuma taarifa bila jina, kisha unafungua kisanduku chako cha siri ili wachunguzi wakuulize nawe ujibu. Mambo ya kuingilia humo yaandike kwenye karatasi, si kwenye simu, na urudi kuangalia baada ya wiki mbili. Taarifa nyingi zisizo na jina hukwama kwa swali moja dogo, kama ni jengo lipi au ni mzigo wa mwezi gani, na hakuna wa kuulizwa.

Mahali pa kupeleka hutegemea mnyororo wa wahusika. Chora majina ya waliosaini kuanzia agizo hadi malipo, na yeyote aliye juu yao ambaye malipo yasingepita bila yeye. Ofisi yoyote iliyo chini ya mmoja wao usiiguse. Mkaguzi wa ndani anafaa kama haripoti kwa mtu aliye kwenye mchoro huo. Mkaguzi mkuu wa hesabu anafaa kwa tabia iliyoenea kwa miaka, ila hufuata ratiba zake za ukaguzi. Mamlaka ya ununuzi inaweza kumfungia mzabuni. Chombo cha kupambana na rushwa ndicho kwa kawaida chenye uwezo wa kukamata hati na kufuatilia akaunti, na kwa mzigo ambao malipo yake yamekwishatoka ningeanzia hapo. Kama fedha ni za mradi wa Benki ya Dunia, benki hiyo ina kitengo cha uadilifu kinachopokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote, na kampuni ikikutwa na hatia hufungiwa miradi yake. Njia hiyo iko nje ya ofisi yenu kabisa. Polisi ni wa kwenda mara moja iwapo umetishiwa.

Kuripoti ndani kwanza kunasifiwa sana kwenye semina za maadili. Kuna mahali kunafaa. Lakini kumbuka Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika idara ya afya ya mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, aliyeibua ndani ya idara wasiwasi juu ya malipo ya Hospitali ya Tembisa. Agosti 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafariki. Ukubwa wa fedha zilizoguswa ni kipimo cha hatari kilicho bora kuliko ukali wa maneno ya bosi. Zikiwa nyingi, usianzie ndani, nenda nje, na mwambie mpelelezi tangu siku ya kwanza kwamba unahitaji mpango wa usalama.

Andika kwa chombo kimoja. Barua yenye "nakala kwa" kumi hufanya kila mpokeaji adhani mwenzake analishughulikia, na kila nakala inapita masijala yake: inafunguliwa, inagongwa muhuri, inaandikwa daftarini, inabebwa na mhudumu. Kama ni barua ya karatasi, tumia bahasha mbili, ya ndani ikiwa imefungwa na kuandikwa "Siri, ifunguliwe na mkuu wa uchunguzi". Vizuri zaidi, nenda ana kwa ana, uombe kuonana na ofisa wa uchunguzi bila kueleza shida yako mapokezi, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu.

Mitandao ya kijamii na makundi ya simu yaache kwanza. Sheria za ulinzi zina orodha ya watu ambao ukiwapelekea taarifa unalindwa. Afrika Kusini wana sheria yao tangu 2000, Ghana 2006, Uganda 2010, Tanzania 2015, na kila moja ina milango yake. Ukipita nje ya milango hiyo unaweza kubaki bila kinga, ukiwa na kesi ya kukashifu mkononi, huku wahusika wamepata siku tatu za kusafisha leja. Kinyume chake, kwingine kunyamaza ndiko kosa: Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 inamtaka mwenye nafasi ya madaraka aripoti ndani ya saa 24 hongo anayoijua au kuishuku. Muulize wakili wako kama kuna wajibu wa namna hiyo kwenu na kama unakugusa. Kuna na zawadi, mfano Uganda inatoa asilimia tano ya fedha zilizorejeshwa. Zikirejeshwa. Usiipigie hesabu.

Kisasi mara nyingi huja kikiwa na sura ya utawala: uhamisho wa ghafla, likizo kukataliwa, barua ya kujieleza kwa kuchelewa dakika kumi. Kwa hiyo kabla hujaripoti, kusanya nakala za barua yako ya ajira, tathmini za utendaji na barua za pongezi kama zipo, uziweke nyumbani. Kwenye mabishano ya namna hii tarehe ndizo zinazoongea: miaka sita bila onyo, taarifa imetolewa Juni, onyo la kwanza Julai. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 la kuwalinda watoa taarifa limefika mbali zaidi, linamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba adhabu haikuhusiana na taarifa. Agizo hilohilo linataka mtoa taarifa ajibiwe kwamba imepokelewa ndani ya siku saba, na apewe mrejesho ndani ya miezi mitatu. Hata usipokuwa huko, ni kalenda nzuri ya kufuatilia. Baada ya wiki mbili uliza kama imepokelewa na nani anayo. Baada ya miezi mitatu uliza imefikia hatua gani. Usitarajie kuambiwa nani amehojiwa. Kama kuna kimya kabisa, andika tena ukitaja namba ya kumbukumbu, na ikibidi peleka malalamiko ya kutoshughulikiwa kwa ofisi inayosimamia utawala bora au kamati ya bunge ya hesabu za serikali. Wakati huo wote usimdokeze mwenzako yeyote, na usibadilike: mtu aliyekuwa akitania na walinzi kila asubuhi akianza kupita kimya, anaonekana.

Na hati nyingine ikiletwa mezani wiki ijayo kabla uchunguzi haujaanza? Usigombane wala usikatae kwa hotuba. Hesabu mzigo uliofika, andika kwa kalamu kando ya saini yako, "Nimepokea katoni 80, hazijafika 320", weka tarehe na saa, ingiza 80 kwenye leja. Hiyo ni kazi ya kawaida ya mtunza stoo na haimtuhumu mtu. Wakiirudisha wakitaka uandike upya bila maelezo hayo, waombe maagizo kwa maandishi. Wasipoyatoa, daftari lako la nyumbani lina ukurasa mpya.